Mtoto wa darasa la pili anaandika "mia moja na tano" hivi: 1005. Nimpeleke tuisheni au kuna michezo ya kumfundishia nyumbani?

#1 mama_gwakisa
Habari za jioni wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Mwanangu yuko darasa la pili na si mzito. Nikimtuma dukani na noti ya elfu mbili anarudi na chenji kamili, na muuzaji akimpunja anarudi mwenyewe kudai. Sasa jana nimemwambia aandike mia moja na tano, kaandika 1005. Mia mbili thelathini na nne kaandika 200304. Nikamuuliza hii inasomwaje? Akaweka kidole kwenye karatasi akanisomea taratibu bila wasiwasi: "mia mbili... thelathini... na nne." Daftari la shule limejaa wino mwekundu, na yeye haelewi kakosea wapi. Kusema kweli na mimi nilishindwa kumweleza.

Walimu na wazazi mliopitia hili, nisaidieni. Tuisheni ya hapa mtaani wanakaririshwa tu kwa kuimba.

#2 Ngoja_Waje
Siti ya mbele. Walimu waje.

#3 Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene dada. Huyo mtoto hajakosea, kaandika alichosikia. Kasikia mia mbili, kaandika 200. Kasikia thelathini, 30. Kasikia nne, 4. Kosa liko kwenye namba zenyewe: mdomoni tunataja kila kitu, kwenye karatasi tunaficha. Neno "mia" linasikika, ila ukiandika 234 hiyo mia haionekani popote, imekuwa nafasi tu. Nani alimwambia kwamba nafasi nayo inasema kitu? Hakuna. Mpe muda, wangu alikuwa hivyohivyo, likaisha lenyewe darasa la tatu.

#4 Mwl_Vumbi
Mnyalu hapo juu kapatia chanzo, ila "litaisha lenyewe" sikubaliani nalo. Nafundisha darasa la kwanza na la pili Mufindi, mwaka wa tisa sasa. Wapo wanaofika la tano hawajui kuwa ile 3 kwenye 234 ni thelathini. Ukimuuliza atakuimbia "mamoja, makumi, mamia" vizuri kabisa. Ukimwambia akupe vijiti vya hiyo 3, anakupa vitatu.

Jaribu hivi mama Gwakisa, na usiguse daftari kwa wiki nzima:

Tafuta vijiti kama 210. Huku kwetu tunachana mianzi, huko Uyole hata mabua membamba yanafaa. Kata tyubu ya baiskeli iliyokufa, ikate pete pete kama vitunguu, hizo ndizo za kufungia. Tafuta dadu ya ludo. Mtoto anarusha dadu, ikija 6 anachukua vijiti 6. Anarusha tena, ikija 5 anachukua 5. Sasa anavyo 11. Hapo sheria moja tu: *mkononi haviruhusiwi kumi vilivyolegea*. Vikifika kumi lazima vifungwe. Kwa hiyo anafunga fungu moja na kubaki na kijiti kimoja. Mnapokezana, wewe na yeye. Mafungu yakifika kumi yanaingia kwenye mfuko mmoja, huo ndio mia. Wa kwanza kujaza mfuko kashinda.

Afunge MWENYEWE. Wazazi wengi mnamfungia mtoto eti anachelewa. Kule kuhangaika na tyubu, kuhesabu tena kama kweli ni kumi, kugundua ni tisa na kufungua upya, somo lenyewe liko hapo.

Baada ya siku tatu nne, chora mistari chini kwa chaki, vyumba vitatu: mfuko, mafungu, vilivyolegea. Aweke vitu, kisha aandike tarakimu moja tu chini ya kila chumba. Ukimtajia mia moja na tano ataweka mfuko mmoja, chumba cha katikati kitakuwa kitupu, vijiti vitano. Muulize: chumba kitupu tunaandika nini?

#5 ulanzi_baridi
Mwalimu, mianzi ya Mufindi mnachana vijiti vya hesabu? Sisi wengine tulijua ina kazi moja tu, kugemwa pombe ya ulanzi, inakatwa asubuhi na jioni.

#6 Mwl_Vumbi
@ulanzi_baridi 😂 Inayogemwa haiguswi, tutapigwa na wazee. Tunachana iliyokauka.

#7 Babu_Ifunda
Wajukuu, nimewasoma. Mimi nilianza shule 1977, ule mwaka wa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Siku ya kwanza tuliagizwa jembe, ufagio na vijiti mia moja, kumi kumi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Usipokuja navyo unarudishwa. Hatukujua kama ni "zana za kufundishia", tulijua ni mzigo. Lakini hesabu za makumi hakuna aliyesumbuka. Sasa hivi mnamtuma mtoto na begi la picha za katuni, ndani kalamu moja.

#8 Tukuyu_Mvua
Shikamoo mzee. Na mimi nilipeleka vijiti, miaka ya tisini huko Rungwe. Ila tuseme ukweli, vile vijiti vilikaa kwenye kona ya darasa, mwalimu akivitumia zaidi kwa kazi nyingine ambayo makalio yangu yanaikumbuka. Waliosumbuka walikuwepo wengi tu, sema waliacha shule, ndiyo maana hatuwakumbuki.

#9 Babu_Ifunda
Marahaba. Hapo umenishika kidogo.

#10 Kasumulu_Boda
Mimi nina nadharia nyingine, tatizo ni Kiswahili. Kumi na moja, kumi na mbili, hapo mtoto anasikia kumi na anasikia moja. Ukifika ishirini, kumi limepotea! Thelathini ina tatu wapi? Arobaini ina nne wapi? Hamsini ina tano wapi? Ni Kiarabu hicho. Huku mpakani nafanya biashara na Wamalawi, Kichewa ishirini ni "makumi awiri", thelathini "makumi atatu". Mtoto wa kule akisikia namba tayari kaambiwa ni makumi mangapi. Wetu anakariri majina manane mapya, kuanzia ishirini mpaka tisini, kama majina ya vituo vya daladala.

#11 Binti_wa_Soweto
Nakubali nusu, Kasumulu. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, kwa sababu hizo nazo ni za Kiarabu, kwa hiyo huko mtoto anaona uhusiano. Shida ni ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini tu, ambazo ndugu zao wadogo ni Wabantu. Ni tano, si nane.

Halafu mkae mkijua Kiingereza ni balaa zaidi. Nafundisha shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Mbeya mjini. Watoto wangu nikisema "thirteen" wanaandika 31, kwa sababu tatu inasikika kwanza. "Eleven" na "twelve" hazina kumi inayosikika kabisa. "Thirteen" na "thirty" zinatofautiana mkia tu, na darasa likiwa na kelele ndiyo basi. Nikiona wamekwama nafunga mlango nawaambia kwa Kiswahili: kumi na tatu. Wote wanapata. Msimwambie mkuu wangu.

#12 Kasumulu_Boda
Tano, sawa. Nimesahihishwa. Ila hoja inasimama.

#13 Mwl_Vumbi
Ndiyo maana darasani kwangu kwa mwezi wa kwanza hatusemi ishirini na tatu. Tunasema "makumi mawili na tatu" huku mafungu yako mezani. Majina rasmi yanakuja baadaye. Mkaguzi mmoja aliniuliza hii ni lahaja gani.

#14 Mangi_Mwanjelwa
Mnazunguka sana. Mleta mada kasema mtoto anajua chenji. SI MTUMIE HELA! Mtoto anayejua kuwa jero mbili ni buku anashindwaje makumi na mamia? Mimi watoto wangu wamekulia dukani Mwanjelwa, hesabu wamejifunzia kwenye droo. Vijiti ni umaskini wa fikra.

#15 Mnyalu_wa_Kihesa
@Mangi_Mwanjelwa hela inadanganya mkuu. Hebu niambie, mara ya mwisho umeshika sarafu ya shilingi kumi lini? Au ya shilingi moja? Mtaani tunaanzia hamsini, na hiyo nayo inagoma. Kwa hiyo mamoja na makumi kwenye hela hayapo. Halafu kuna mia mbili, mia tano, elfu mbili, elfu tano, zote zinavuruga mpango wa kumi kumi. Na jero si kubwa mara tano kuliko sarafu ya mia, mtoto anaamini tu kwa kuwa imeandikwa. Kijana wa mama Gwakisa anajua CHENJI, hajui NAFASI. Mambo mawili tofauti.

#16 Mangi_Mwanjelwa
Toa hizo za kati basi! Bakiza sarafu ya mia, noti ya buku, na msimbazi. Mia, elfu, elfu kumi. Kumi za hiki zinabadilishwa na kimoja cha kile. Mchezo ni uleule wa dadu alioleta mwalimu, tofauti mimi nina droo na yeye ana mianzi.

#17 Tukuyu_Mvua
Mangi unataka watu wamwachie mtoto wa miaka minane misimbazi kumi achezee. Wewe ni tajiri, tumekuelewa.

#18 Mama_Trei
Jamani nafuga kuku wa mayai Iringa, Ipogolo, nimepita tu. Trei ya mayai ina mashimo 30, matano kwa sita. Ukiikata kila baada ya safu mbili unapata vipande vitatu, kila kimoja kina mashimo kumi kamili, mawili kwa matano. Nilimfanyia mjukuu. Anatia mbegu moja moja ya parachichi kwenye kila shimo. Nilichokipenda ni hiki: mbegu zikiwa saba haanzi kuhesabu tena moja, mbili, tatu. Anaangalia mashimo matupu anasema "bado tatu". Kumi inakaa machoni. Ikijaa kipande anakihamishia upande wa kushoto, anachukua kingine.

Mbegu zioshwe zikaushwe kwanza, vinginevyo nyumba nzima inanuka na zinaota ukungu. Najua ninachosema.

#19 Ngoja_Waje
Mama Trei umetisha. Picha tafadhali.

#20 Mama_Trei
Trei zimeshaliwa na panya, mwanangu. Nikikata nyingine nitatupia.

#21 Visoda_Tu
Mimi natumia visoda. Vya soda ya chungwa ni mamoja, vya soda nyeusi ni makumi, vya bia ni mamia. Ukipata kumi vya chungwa unabadilisha na kimoja cheusi. Rahisi, havina gharama, baa zimejaa.

#22 Mwl_Vumbi
@Visoda_Tu hiyo ni nzuri, ila usianze nayo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fungu la vijiti kumi ni kumi *kweli*. Mtoto akitilia shaka analifungua anahesabu. Kisoda cheusi ni kimoja, tumekubaliana tu kwamba ni kumi. Nilianza na visoda vya rangi mwaka wangu wa kwanza, mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona ni kimoja na unasema ni kumi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi, namshukuru mpaka leo.

Chuoni tulionyeshwa vile vibao vya Dienes, yule Mhungaria Zoltán Dienes aliyezaliwa 1916. Kimoja kidogo, mhimili wa kumi, bapa la mia, mchemraba wa elfu. Uzuri wake ni huohuo, bapa ni kubwa mara mia kweli, unalishika unalisikia uzito. Vilikuwa kwenye kabati la kioo, tukavionyeshwa kwa dirisha. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda semina.

#23 Visoda_Tu
Lakini mwalimu, tarakimu zenyewe ziko hivyo! Ile 2 ya kwenye 234 si kubwa mara mia kuliko 2 ya kwenye 342. Ni makubaliano. Kwa hiyo kisoda changu kiko karibu na maandishi kuliko mafungu yako. Mtoto wako atabaki na vijiti, siku ya mtihani vijiti haviruhusiwi.

#24 Binti_wa_Soweto
Wote mko sahihi na wote mmeacha daraja katikati. Kosa la Gwakisa ni la KUANDIKA. Vijiti vitamfundisha wingi, ila 200304 inatibiwa na kadi za kupandanisha.

Chukua boksi la sabuni. Kata kadi za mamoja, 1 mpaka 9, upana wa vidole viwili. Kadi za makumi, 10 mpaka 90, upana wa vidole vinne. Kadi za mamia, 100 mpaka 900, vidole sita. Urefu kwenda juu uwe sawa zote, na kila tarakimu ikae ndani ya vidole vyake viwili. Sasa mwambie mia mbili thelathini na nne. Atachukua 200, 30 na 4, zilezile alizoandika. Mwache aone kuwa hajakosea! Kisha mwambie apandanishe, *ukingo wa kulia ulingane*. Ile 30 inalalia sifuri mbili za 200. Ile 4 inalalia sifuri ya 30. Inasomeka 234. Ainue kadi ya juu achungulie, sifuri bado ipo chini. Wangu huwa wanapiga kelele hapo, wanaona kama mazingaombwe.

Na mia moja na tano: 5 inafunika sifuri ya mwisho tu. Ya katikati hakuna wa kuifunika, inabaki inaonekana. 105.

#25 mama_gwakisa
Jamani asanteni sana. Nimeshaomba boksi dukani. Mwl_Vumbi, vijiti tumeanza jana, kanishinda mara mbili, ya tatu nikamkamata ana kumi na mbili vilivyolegea amevikalia.

#26 ulanzi_baridi
Huyo anafaa siasa.

#27 Kijana_Mafinga
Naomba kuuliza, kutoa je? Mdogo wangu la tatu, 42 − 17 anapata 35. Anatoa 2 kwenye 7 kwa sababu "ndogo ndiyo inatoka kwa kubwa".

#28 Mnyalu_wa_Kihesa
Anakopa. 2 haitoshi, anakopa moja kwa jirani 4, jirani anabaki 3, yeye anakuwa 12. 12 toa 7 ni 5, 3 toa 1 ni 2. Jibu 25.

#29 Tukuyu_Mvua
Tangu nizaliwe sijaona huo mkopo ukirudishwa. Na anakopa moja anapewa kumi! Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ya kinyumenyume.

#30 Mwl_Vumbi
😂😂 Ndiyo maana neno "kukopa" nimeliacha. Tunasema kuvunja fungu. Una mafungu manne na vijiti viwili, mtu anakudai kumi na saba. Vijiti saba huna vilivyolegea. Utafanyaje? Mtoto yeyote atafungua fungu, wala huhitaji kumfundisha. Yanabaki matatu, na vilivyolegea ni kumi na viwili. Hapo ndipo unamwonyesha namna ya kuandika alichofanya tayari kwa mikono.

#31 Babu_Ifunda
Na hii sifuri mnayoihangaikia ililetwa na Waarabu, mjue. Warumi hawakuwa nayo.

#32 Binti_wa_Soweto
Babu shikamoo. Neno sifuri ndilo la Kiarabu, namba yenyewe ni ya Wahindi. Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu na sifuri mwaka 628. Waarabu waliipokea wakaisambaza. Warumi kweli hawakuwa nayo, ndiyo maana CV ni mia na tano. C na V, kaandika alichosikia, kama Gwakisa!

#33 Kasumulu_Boda
Kwa hiyo mtoto ni Mrumi.

#34 Mangi_Mwanjelwa
Mimi nashangaa kwa nini kumi. Duniani huku tunaishi kwa vingine. Trei 30, dazeni 12, gunia debe sita, saa dakika 60. Mtoto wa soko anajua mafungu yote hayo, halafu shuleni anaambiwa fungu ni kumi tu. Lazima achanganyikiwe.

#35 Kijana_Mafinga
Gunia debe sita wapi? Viazi huku ni lumbesa, debe saba mpaka nane, na ukikataa mnunuzi anahamia kwa jirani.

#36 Mama_Trei
Lumbesa inakatazwa, wakala wa vipimo walikuja sokoni kwetu. Gunia lisizidi kilo mia.

#37 Kijana_Mafinga
Inakatazwa mchana, mama.

#38 Mwl_Vumbi
Turudi kwenye mada. Ila Mangi kagusa kitu, nitajaribu siku moja kuwafungisha sita sita nione kama wanaelewa *kufunga* au wamekariri *kumi*.

#39 Visoda_Tu
Watoto 112 kwa darasa, vijiti mia kila mmoja, ukiwafungisha sita sita si utatolewa na ambulensi?

#40 Mwl_Vumbi
Nani kakwambia 112? Ni 118, wawili pacha wamehamia juzi kutoka Makambako na wengine wanne jana. Wanakaa makundi ya wanane, kila kundi mfuko mmoja. Ndio hivyo.

#41 mama_gwakisa
Mrejesho, leo siku ya tisa. Kadi zimefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Mia moja na tano, 105. Mia mbili thelathini na nne, 234, tena anachungulia chini ya kadi anacheka. Mia nne na kumi, 410. Nikafurahi, nikajisahau, nikamwambia haya mwanangu andika elfu moja na tano.

Akaniangalia, akatabasamu kwa pembeni, akaandika 105. Nikamwambia hiyo ni mia moja na tano. Akasema, "Mama unanitega. Ile yenye sifuri nyingi ulisema kosa."

#42 Mnyalu_wa_Kihesa
😂😂😂 Kumbe ile 1005 alikuwa anaitunza.

#43 Kasumulu_Boda
Nilisema mimi, elfu nayo ni Kiarabu.

#44 Binti_wa_Soweto
Tengeneza kadi ya elfu, upana wa vidole vinane. Alalie 5 kwenye 1000 mwenyewe, usiseme neno.

#45 mama_gwakisa
Boksi la sabuni limeisha. Kesho naenda kwa Mangi.